Habari za shule zinavyofika nyumbani: nilivyofanya kwenye sekondari ya kata kando ya ziwa

Nimeshika ofisi ya taaluma kwenye sekondari ya kutwa iliyo ufukweni, mkoa wa Mwanza, na kazi iliyonisumbua kuliko kupanga ratiba ni kuwafikishia wazazi habari. Hapa naeleza ya kidato cha kwanza na cha pili tu, maana ndipo uzi hukatika. Mtoto ametoka shule ya msingi iliyo jirani, iliyomfundisha kwa Kiswahili, akaingia shule ya mbali inayofundisha kwa Kiingereza. Mzazi aliyekuwa akisalimiana na walimu wote njiani sasa hamjui hata mmoja.

Nilianza na daftari, si simu. Fomu ya kujiunga huwa na sehemu ya mzazi au mlezi na namba moja, na mara nyingi namba hiyo ni ya aliyejaza fomu: mjomba mwenye simu, au hata mwenye duka la kutolea kopi. Wakati huo baba yuko kambi ya wavuvi visiwani, mama anaanika dagaa mwalo mwingine (ufuko wa kushushia samaki), na mtoto analala kwa bibi au amepanga geto karibu na shule. Nikanunua kauntabuku na kuchora safu: jina la mwanafunzi, anayelala naye, anayemlipia mahitaji, namba ya kila mmoja wao, namba ya jirani, kitongoji, na saa ambayo simu hupokelewa. Anayelala naye na anayemlipia mara nyingi ni watu wawili, na habari zao si zilezile. Mmoja anatakiwa kujua mtoto hakufika leo. Mwingine anatakiwa kujua viatu vimeisha. Kwa mwanafunzi wa geto, anayelala naye ni mwenye nyumba, kwa hiyo naye anaingia daftarini.

Namba hazikai. Watu wana laini mbili au tatu, na hubadili kufuata bando au mtandao unaoshika kisiwani. Ukimwuliza mtoto kama namba ya nyumbani imebadilika atasema hapana, hata kama imebadilika. Piga. Nilizipiga zote wiki ya pili ya Januari na tena Julai muhula ulipofunguliwa, mikondo mitatu, kila mwalimu wa darasa na mkondo wake, kwa muda wa siku nne. Isiyopatikana mara tatu kwa saa tofauti inapigiwa mstari mwekundu, na mwanafunzi anapewa karatasi ya kuleta mpya.

Simu yenyewe ni kiswaswadu chenye laini ya shule, kinakaa ofisini kwenye chaja. Usitumie laini ya mwalimu. Mwalimu akihamishwa anaondoka na laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na wazazi wanaendelea kumpigia huko aliko. Tena namba moja inayojulikana ni kinga dhidi ya matapeli wanaojifanya walimu: "mtoto wako ameanguka shuleni, tuma hela ya hospitali haraka." Katika kikao cha kwanza cha Januari tulitamka wazi kwamba shule haiombi fedha kwa meseji hata siku moja, na kila mchango una stakabadhi. Sentensi hiyo tuliirudia kila kikao, na hakuna aliyelalamika kuisikia tena.

Meseji. Moja ina nafasi ya herufi 160. Ukizidisha, inakatwa vipande vya herufi 153, kila kipande kinalipiwa, na kwenye simu za zamani kipande cha pili huweza kutangulia cha kwanza. Kuna mtego ambao wengi hawaujui: ukiandika kwenye kompyuta kisha ukanakili, alama ya ng' inaweza kugeuka kuwa ile iliyopinda, na hiyo moja tu inashusha nafasi kutoka 160 hadi 70. Kwetu usukumani, kwenye majina kama Ng'wandu, bili inapanda bila mtu kuelewa sababu. Andika moja kwa moja kwenye simu, au badilisha alama iwe ya mstari ulionyooka.

Kila meseji ina jambo moja na tendo moja. Hii inakula herufi 113 pamoja na nafasi: "SHULE: Kesho Jumatano 12/3 hakuna uji. Mpe mtoto chakula cha kubeba. Wanatoka saa 9 na nusu alasiri kama kawaida." Saa ziandikwe kwa Kiswahili. Ukiandika kikao ni 8:00, nusu ya wazazi watafika saa nane mchana, na hawana kosa.

Muda wa kutuma nao ni kazi. Mvuvi wa dagaa yuko majini usiku, anarudi alfajiri, anauza, kisha analala. Wanaoanika wana shughuli asubuhi nzima. Meseji ya saa 2 asubuhi inazama chini ya nyingine. Niliona wengi wanajibu kati ya saa 9 na saa 11 jioni, kabla mitumbwi haijatoka, basi ndiyo ikawa saa yetu kwa habari zote zisizo za dharura.

Vikao nilivipanga kwa mwezi wa angani. Dagaa huvutwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, kwa hiyo wavuvi hurudi nyumbani kwa siku kadhaa. Hizo ndizo siku ambazo baba unaweza kumwona uso kwa uso. Machi 2025 mwezi mpevu ulikuwa tarehe 14, Ijumaa, na kikao kikawekwa siku hiyohiyo kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 5, ili wanaokwenda msikitini wawahi. Jumamosi ingetukosesha Wasabato, ambao kwetu ni wengi, na Jumapili Wakatoliki. Siku ya mnada usiiguse kabisa. Tangazo linatoka wiki mbili kabla kupitia mwenyekiti wa kitongoji na kwa kiongozi wa mwalo, kisha meseji siku tatu kabla na nyingine jioni ya kuamkia.

Barua ya kupelekwa na mwanafunzi siipendi. Yenye habari njema inafika, yenye habari mbaya inalowa maji ya ziwa.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi ni ripoti ya matokeo. Ile rasmi ni ya Kiingereza, na mzazi huangalia kitu kimoja tu: nafasi. Mtoto wa 20 kati ya 160 anasifiwa hata kama Hisabati ana F. Aliyetoka nafasi ya 130 hadi ya 90 anachapwa. Na wakifika kwenye pointi wanasoma kinyume. Alama A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na zinajumlishwa za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Kwa hiyo pointi 17 ni daraja la kwanza, na pointi 34 ni daraja sifuri, yaani kufeli. Mama mwenye mtoto wa pointi 33 anaweza kushangilia mbele ya mama wa pointi 20.

Tukaambatanisha karatasi ya Kiswahili, robo ya A4, ili karatasi moja itoe nne. Juu kuna majina ya masomo kwa Kiswahili na alama kwa mia. Chini yake mstari wa madaraja: A ni 75 na kuendelea, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, F chini ya 30. Kisha siku alizokosa kati ya siku zote za muhula, kwa tarakimu. Halafu mistari miwili ya mwalimu wa darasa, na hapa nilisimama imara: maneno kama "aongeze bidii" nilikataza. Aandike anachoweza na kinachomshinda. "Anajua kujumlisha sehemu, hajui kutoa namba hasi. Nyumbani apewe nusu saa kabla ya kazi za jioni." Mzazi asiyesoma husomewa na mtoto mwenyewe, na mtoto anaweza kusoma anavyotaka, kwa hiyo kwa mabibi tulipiga simu, na mwalimu anayejua Kisukuma ndiye aliyezungumza. Kwa kidato cha pili tuliongeza mstari mmoja: kuna upimaji wa kitaifa mwisho wa mwaka, na asiyefaulu anarudia kidato.

Kundi la WhatsApp tulilianzisha pia, kwa wenye simujanja. Wiki ya kwanza lilijaa salamu za asubuhi na matangazo ya viwanja. Tukalifunga ili viongozi pekee ndio watume. Matokeo ya mwanafunzi hayawekwi humo, wala picha ya mtoto bila ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023, na hata bila sheria, hakuna mzazi anayependa F ya mwanawe isomwe na watu mia. Wala kundi halikuchukua nafasi ya meseji. Chochote muhimu kinatoka kwa njia zote mbili.

Utoro una utaratibu wake. Rokoo inaitwa saa 1 na nusu, majina ya waliokosa yanafika ofisini saa 3, na kufikia saa 4 simu imepigwa kwa anayelala naye. Siku hiyohiyo, si ya tatu, kwa kuwa bibi anaamini mtoto yuko darasani wakati yuko mwaloni anaanua dagaa kwa ujira. Siku ya pili anapigiwa anayemlipia, ya tatu taarifa inakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Namna ya kuanza simu ina maana: "Shikamoo mama. Hapa ni shuleni, hakuna aliyeumia," ndipo useme kilichokufanya upige. Usipotanguliza hilo, mama anasikia nusu tu ya yanayofuata.

Kwa sababu hiyohiyo kila mwalimu wa darasa hutuma habari njema kwa wazazi watano kila Ijumaa: Kulwa amejibu swali la Jiografia ubaoni, Neema hajakosa siku hata moja mwezi huu. Darasa la wanafunzi 55 linaisha kwa wiki 11, ndani ya muhula. Aliyeandikiwa anawekewa tiki kwenye safu ya mwisho ya kauntabuku, vinginevyo wale walewale wanaong'aa watapata mara tatu na wa dawati la nyuma hawatapata kabisa.