Njia ya kwenda Kit Mikayi

Juzi tulikuwa tunatoka Bondo kurudi Kisumu, gari limejaa watoto na mikungu ya ndizi. Tulipoingia Seme, penye mawe ya Kit Mikayi, yule mwanangu mdogo akabandika uso kwenye dirisha. "Mama, haya mawe nani aliyapanga?" Baba yake akapunguza mwendo ili naye atazame, lakini lori lililokuwa nyuma likapiga honi, tukasonga. Nikasema nitamweleza tukifika nyumbani. Tulipofika alikuwa amelala, na mimi ndiye niliyekesha na swali lake.

Swali hilohilo nilimuuliza mjomba, nikiwa nimekalia keria ya baiskeli yake.

Ilikuwa likizo ya Agosti, 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zimepita na kuacha barabara imeliwa kando zote mbili. Mjomba alikuwa boda boda pale Kondele, enzi ambazo ukisema boda boda Kisumu ulimaanisha baiskeli tu. Mto wa keria yake ulivikwa plastiki nyekundu yenye nyuzi za kuning'inia, na kengele aliipiga hata njia ikiwa tupu, maana alimpigia kila aliyemfahamu, nao walikuwa wengi. Mimi nilizaliwa Kisumu, nikakulia Kisumu, lakini mji niliujua kwa vituo vya matatu: hapa tunapanda, pale tunashuka. soko la Kibuye siku ya Jumapili, soko la Jubilee kununua samaki, shule, nyumbani. Jambo hilo lilimsumbua mjomba kuliko lilivyowasumbua wazazi wangu.

"Okewo," aliniambia, yaani mtoto wa dada yangu, "utamaliza shule bila kujua maji haya yanaelekea wapi?"

Tukaondoka alfajiri, mama ametufungia nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye mkebe. Ziwa Victoria lilikuwa upande wetu wa kushoto, vilima vya Riat upande wa kulia, na kila nilipodhani ziwa limekwisha lilijitokeza tena nyuma ya miti. Otonglo tulisimama akatoa ujumbe wa mtu kwa mtu mwingine. Mbele kidogo tukasimama tena, mama mmoja alitaka kujua kama dada yake wa Manyatta amejifungua. Mjomba alikuwa na habari: mtoto wa kiume, wote wazima. Yule mama akatupa miwa miwili na kukataa katakata kulipwa.

Kisian tairi likatoa pancha. Fundi alikuwa chini ya mwembe, na karai lake la maji. Alizamisha mpira kidogo kidogo akiuzungusha, mpaka mapovu yakapanda kama uzi mwembamba, akaweka kidole papo hapo asipapoteze. Wakati solusheni inakauka mjomba akanisimamisha kwenye makutano. Barabara hii, akasema, inapanda Maseno, na huko ndiko ikweta inakopita. Hii nyingine ndiyo yetu, ya Bondo. Na ile reli inakwenda Butere. Babu yake yeye alibeba mataruma ilipokuwa ikijengwa. Reli kubwa ilikuwa imefika ziwani tangu 1901, Kisumu yenyewe ikiitwa Port Florence. Mambo hayo nilikuwa nimeyasoma darasani bila kujua kwamba yanahusu bega la mtu wa kwetu.

Baada ya hapo ni kupanda tu. Kwenye miinuko tulishuka tukasukuma, yeye ameshika usukani, mimi nasukuma keria kwa mikono miwili. Holo tulikunywa chai.

Kit Mikayi tulifika jua limesimama. Nimeona picha zake nyingi tangu siku hiyo na hakuna hata moja inayoonyesha ukubwa ule. Ni mawe juu ya mawe, kwenda juu kama mita 40, na yale ya kileleni yamekaa kana kwamba mtu aliyaweka kwa uangalifu kisha akarudi nyuma kutazama. Mjomba aliegemeza baiskeli kwenye mti, akavua kofia, akaweka kiganja kwenye jiwe. Nikaweka changu karibu na chake. Lilikuwa la moto karibu kuunguza.

Kisha tukaingia kwenye ufa. Ilibidi nipite ubavu, tumbo upande huu na mgongo upande ule, na hatua chache tu ndani joto likakatika. Jiwe lilelile sasa lilikuwa baridi na lina unyevu. Kulikuwa na nta ya mishumaa iliyomwagika tabaka juu ya tabaka, nyeupe, na masizi yaliyopanda ukutani. Niliwasikia kabla ya kuwaona: akina mama wenye kanzu nyeupe na vilemba, wa kanisa la Legio Maria nadhani, wanaimba kwa sauti ya chini, na jiwe linawaitikia. Tulikaa kando. Mmoja wao, mzee, meno yake ya chini hayapo, akanishika mkono bila kuacha kuimba, akausogeza mpaka mahali ambapo tone lilikuwa linaanguka kutoka juu. Tukangoja pamoja. Tone likachelewa. Nikataka kuondoa mkono, akaushikilia. Lilipoanguka katikati ya kiganja changu akasema, "Madhi, nyathina," kunywa, mwanangu, nami nikanywa. Mjomba, ambaye tangu alfajiri hakuwa amenyamaza, hakusema neno mpaka tulipotoka nje.

Hapo ndipo nilipomuuliza nani aliyapanga. Akanisimulia, tukila nyoyo, habari za Ngeso, mzee aliyelipenda jiwe hilo hata akawa anashinda pangoni kila siku. Mke wake alimletea chakula hukohuko. Watu wakimuuliza mumewe yuko wapi, alijibu amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Ndipo jiwe likapata jina: Kit Mikayi, kwa Kijaluo jiwe la mke wa kwanza. Miaka kadhaa baadaye mwalimu wa jiografia alitueleza kwamba itale kama ile ilipoa chini sana ya ardhi, ikapasuka nyufa, kisha maji na mvua vikala sehemu dhaifu na kuchukua udongo, yakabaki mawe magumu yamesimama. Sijawahi kuona haja ya kuchagua moja kati ya hadithi hizo mbili. Zote zinataka mtu au kitu kilichokaa mahali pamoja muda mrefu mno.

Tulirudi usiku, dainamo inalia kwenye tairi na taa inafifia kila alipochoka.

Asubuhi, mtoto alipoamka, nilimsimulia yote hayo naye akasikiliza mpaka kwenye tone. Akauliza kama tunaweza kwenda kwa baiskeli. Sikujua la kumjibu. Barabara ile sasa ni ya malori na pikipiki, na ningeogopa kumwona mtu wangu kando yake. Lakini kuna jambo lingine pia, nalo limeniganda zaidi mwaka huu ambao mjomba hawezi kupanda ngazi bila kushika ukuta. Ule mwendo wa polepole ninaousifia kwa kila mtu, mimi niliufurahia nimeketi kwenye mto mwekundu. Magoti yaliyotufikisha yalikuwa yake, na siku nzima ya abiria wa Kondele ilikuwa yake pia, katika mwezi ambao nyumbani kwake kulikuwa na mtoto mchanga.

Nimemuuliza zaidi ya mara moja, siku ile alikosa shilingi ngapi. Nilimuuliza tena Jumapili, nilipompigia simu. Akasema mtandao ni mbaya, kisha, kwa sauti iliyokuwa inasikika vizuri kabisa, akataka kujua yule mdogo amefika darasa la ngapi.