Mvunguni na Chausiku

Juzi mwanangu alikuja na wenzake wa madrasa, na paka wetu akapotea kama kawaida yake. Mtoto akapiga magoti mbele ya kabati, mkono umeshaingia nyuma. "Mama, nimvute? Wanataka kumwona." Nikamkataza, tena kwa sauti kali hata watoto wakatazamana. Nikawapa kaimati, yakaisha. Lakini usiku ule fikira zangu zote zilikuwa kwa Chausiku.

Chausiku alikuwa wa Babu. Alimtoa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kule Lamu, chini ya jahazi lililokuwa likizibwa nyufa kwa kalafati, paka keshapea na hajapata kushikwa na mtu. "Hodi" ikisikika mlangoni, kabla hatujaitika "karibu", yeye yuko mvunguni mwa samadari ya Babu, na hatoki mpaka mgeni wa mwisho avae viatu vyake. Bibi akilalamika kwamba kanywa bakulini, Babu humkumbusha Abu Qatada, sahaba aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, akasema Mtume ametufunza kuwa paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka. "Huyu hatuzunguki," Bibi hujibu. "Hutukimbia."

Babu alifariki alfajiri ya Alhamisi, nami niko darasa la tatu. Yaliyofuata yalikwenda mbio: maji, sanda, wanaume wamejaa barazani, na baada ya sala ya adhuhuri jeneza likatoka. Nyumba ikabaki ya wanawake, na wanawake wakazidi kuja. Kila aliyeingia alinikumbatia, akalia shingoni mwangu, kisha akanipitisha kwa mwenzake. Mimi silii. Natafuta pa kupumulia tu.

Nikajipenyeza chumbani, nikainua shuka, nikaingia mvunguni.

Alikuwa amejibana pembeni ukutani, mboni zimetanuka hata macho yake yote ni meusi. Nilidhani atanipapura. Hakusogea. Nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya chokaa, baridi, karibu na kikapu cha zana za Babu: tezo, keekee, nyundo ya mti, mabonge ya pamba yanayonuka mafuta ya sifa. Mbele yetu, chini ya ukingo wa shuka, miguu ilipita na kurudi. Niliitambua mmoja mmoja. Visigino vya jirani yetu wa mlango wa pili, hina imeanza kufifia. Kidole kilichopinda cha mama muuza mahamri. Mguu ukikaribia, masikio ya Chausiku yanalala. Ukipita yanainuka tena, kwanza moja, halafu la pili. Nikajikuta nazuia pumzi pamoja naye. Nikausogeza mkono sakafuni, polepole, mpaka ukafika ubavuni mwake. Moyo wake ulikuwa ukipiga kama mvua juu ya bati. Kisha akaanza kukoroma, mkoromo wa ndani sana, nikausikia kwa kiganja kabla ya kuusikia kwa masikio.

Hapo ndipo nilipolia.

Shuka likainuka. Uso wa shangazi ukaonekana kichwa chini, ushungi unagusa sakafu. Akanitazama, akamtazama paka. Shuka likashuka. Baada ya kitambo ukaingia mkono tu, na sahani ya wali na kipande cha samaki wa kupaka kilichokwisha tolewa miiba. Nikamsikia akimwambia mtu: "Mtoto kalala. Muacheni." Chausiku hakugusa chochote. Mimi nilikula.

Bibi alikaa eda yake, miezi 4 na siku 10. Wageni hawakukatika, na Chausiku alishinda mle mvunguni, akitoka usiku.

Mama hakupendezwa, na mpaka leo anasema mtoto hufunzwa kupokea mkono wa rambirambi. Watu wale walikuja kwa ajili yetu, na mimi nikawakimbia. Siwezi kumwambia amekosea. Nimeishi Nairobi, nimeona jirani akifiwa na mlango wake usibishwe hodi na mtu.

Hata kuhusu ule mkoromo sina uhakika tena. Daktari wa mifugo anayemtazama paka wetu wa sasa alinieleza kwamba mtoto wa paka asiyezoeshwa mikono ya watu kati ya wiki ya 2 na ya 7 huenda akawaogopa maisha yake yote. Akaongeza kuwa paka hukoroma akiwa radhi, na pia akiwa na hofu au maumivu, labda kwa kujituliza. Miaka yote niliamini Chausiku alinifariji. Pengine alikuwa akijifariji mwenyewe, nami nikaegemea hapohapo.

Nikampigia shangazi simu, nikamuuliza mbona siku ile hakunitoa. Sahani haikumbuki, wala samaki. Anachokumbuka ni kwamba baba yake alikuwa ametoka kuzikwa, watu wamemzunguka pande zote, naye akaingia chumbani kutafuta pa kulia. Akainama mvunguni, akakuta pamejaa.