Jinsi nilivyounganisha kazi za semina katika jalada moja

Kazi za fasihi nilizoandika Lubumbashi kwa shahada ya uzamili zilikuwa za semina tofauti, na katika jalada la kitaaluma hazikuonekana kutoka kwa mtafiti mmoja. Nilitafuta swali la kuziunganisha: riwaya huujengaje mji wa migodi? Kazi kuhusu Tram 83, riwaya ya Fiston Mwanza Mujila ya mwaka 2014, ndiyo iliyohitaji juhudi kubwa, kwa kuwa ilijaa muhtasari wa matukio. Pembeni ya kila aya niliandika hoja yake kwa sentensi moja, na aya isiyo na hoja, hata iliyopendeza, nikaifuta. Nafasi iliyobaki niliipa lugha yenyewe, yaani orodha ndefu na sauti zinazokatiza mazungumzo, ambazo naamini ndizo zinazoujenga mji wa riwaya hiyo. Marejeo niliyasawazisha mwishoni, na msimamizi akalipokea jalada.