Mmemweka Wapi?

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii usingizi umenipaa kwa sababu ya maneno mawili aliyouliza Bwana Yesu alipofika Bethania, rafiki yake Lazaro akiwa ameshazikwa: “Mmemweka wapi?” Nayajua tangu darasa la kipaimara, lakini siku zote niliyapita mbio ili nifike pale penye “Lazaro, njoo huku nje.” Safari hii nimekwama kwenye swali.

Ilianza hivi. Mzee mmoja wa kanisa aliniomba nipige picha makaburi ya zamani kabla ya Pasaka, maana maandishi yanafutika na wanaoyajua majina wanazidi kutuacha. Nikaanza na ya hapa Tabora mjini, kisha nikapanda basi hadi Urambo. Nilijifunza upesi kwamba saa sita mchana jiwe halisomeki, kwa kuwa jua likiwa utosini herufi hazina kivuli. Asubuhi, mwanga unapokuja kwa ubavu, hata herufi iliyobaki kama mkwaruzo inaonekana. Uchafu niliuondoa kwa maji na brashi laini tu. Brashi ya waya hula jiwe pamoja na jina.

Urambo nilikuwa namtafuta mtu. Wamisionari kutoka London walifika kwa Mtemi Mirambo mwaka 1879, na daktari wao, Southon, akafa hukohuko mwaka 1882. Sisi Wamoravian tulipokea kazi ile mwaka 1898. Lakini niliyemtaka mimi ni Jacob Wainwright, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa India. Mmisionari na mpelelezi Livingstone alipofariki kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873, ni Jacob aliyesoma ibada ya maziko ya moyo wake, na ni yeye aliyechonga jina la marehemu kwenye mti. Watumishi wake, akina Chuma na Susi, wakaubeba mwili miezi na miezi hadi pwani. Walipofika hapa Kwihara, karibu na Tabora, Mwingereza Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone, aliwashauri wauzike palepale. Wakakataa, wakaendelea. Aprili 1874 Jacob alikuwa London, miongoni mwa walioshika jeneza katika Westminster Abbey. Naye akaja kufia Urambo mwaka 1892.

Nilizunguka siku nzima nikitafuta jina lake kwenye mawe. Sikuliona. Yeye aliyehakikisha mwenzake haachwi porini bila jina! Nilikaa chini ya mwembe nikalia. Na nikiwa pale nikajiuliza: na wewe bibi yako, umemweka wapi?

Bibi yangu ndiye aliyenilea. Tulimzika kijijini, upande wa Sikonge, miaka tisa iliyopita. Niliahidi mbele ya ndugu kwamba nitamjengea kaburi. Nimekuwa nikituma pesa kwa simu, na kila mwaka nina sababu. Basi Alhamisi nikaenda. Majani ya masika yamefika kiunoni. Msalaba wa mbao ulishaliwa na mchwa, tuta limedidimia. Nilikuwa nimerudi na picha za makaburi ya watu nisiowajua, na la bibi yangu silioni. Nikamwita shangazi. Akaja taratibu na fimbo yake, akanitazama, akasema, “Mwanangu, hapo ulipo umemkanyaga.”

Wapendwa, sijui niwaeleze vipi. Nilirudi nyuma kama niliyeungua moto.

Wapo kati yetu wanaosema kaburi ni udongo tu, roho haipo pale, na anayekwenda makaburini anarudia mizimu. Naelewa hofu hiyo. Hatuendi kuongea na wafu wala kuwapelekea kitu. Lakini mtazameni Bwana. Alijua kabisa kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka, na bado aliuliza, “Mmemweka wapi?” Wakamjibu, “Bwana, njoo utazame.” Yesu akalia machozi. Tena alikuwa amerudi Uyahudi, kwa watu waliotaka kumpiga kwa mawe. Wanafunzi walimkumbusha hatari hiyo. Hakutuma salamu za pole kutoka ng’ambo ya Yordani, alikwenda kwa miguu yake mpaka penye jiwe. Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli. Musa, katika haraka yote ile ya kutoka Misri, alibeba mifupa ya Yusufu.

Na hapa naomba mnivumilie, maana nasema na nafsi yangu kwanza. Msiba ukitokea sisi ni hodari. Michango inaingia, turubai linafungwa, sare zinashonwa, mpiga video yupo, na sufuria za pilau hazihesabiki. Arobaini ikipita, ni nani anayerudi? Mjane anabaki na viti vya kukodi vinavyodaiwa. Tunaandika “tutakukumbuka daima” kwenye fulana, na baada ya mwaka fulana ni tambara la kudekia. Ndugu zangu, huko si kukumbuka! Mungu anaposema anatukumbuka, anasema kwa mikono: “Tazama, nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu.” Mkono wako umefanya nini?

Shangazi ndiye aliyekuwa akifagia pale hadi miguu ilipomshinda. Hakuwahi kuniambia. Tulipoingia ndani nikaona ndoo tatu zimetegwa chini ya bati linalovuja, na mkobani mwangu nina pesa za marumaru za kaburi. Niliona haya mbele za Mungu. Tulikubaliana naye usiku ule, na ni yeye aliyeamua: mabati kwanza, kisha kaburi litasakafiwa kwa saruji ya kawaida, na jina litaandikwa kwa msumari kabla haijakauka. “Bibi yako alipenda vitu vya kufaa,” alisema.

Kwa hiyo alfajiri ya Pasaka, tarumbeta zitakapolia makaburini na mchungaji akitamka “Bwana amefufuka,” mimi sitakuwa nanyi hapa mjini. Nitaitikia “Amefufuka kweli kweli” kule Sikonge, mimi na shangazi, na yeyote wa ukoo atakayeamka.

Jumamosi ya wiki hii natangulia kufyeka. Basi linaondoka stendi saa kumi na mbili asubuhi. Vijana wawili wameshaniahidi, na fundi wa bati amekubali kuja. Kama kuna mwingine, aje na fyekeo lake, kule lipo moja tu na mpini wake umevunjika.