Tulichua mguu, kumbe ugonjwa uko mgongoni

Bamvua ile nilikuwa nimeinama tangu maji yanatoka, nafunga mbegu za mwani kamba baada ya kamba. Nilipojitwika gunia bichi, moto ukanipita tako la kushoto, ukashuka nyuma ya paja, kwenye shavu la mguu, hadi dole gumba. Gunia nikalimwaga palepale.

Wiki tatu tuliutibu mguu. Mama mkwe alinichua kwa mafuta ya makonyo ya karafuu mpaka ngozi ikawaka. Shangazi akasema ni baridi ya bahari, tukaita mtu wa hijama. Kituo cha mwanzo nilichokwenda nilichomwa sindano bila hata kuguswa. Na wote walikubaliana neno moja: lala, usinyanyuke. Nikalala, nikazidi kukakamaa kama dagaa juani.

Nilipofikishwa hospitali ya Chake Chake, Pemba, daktari alianza na maswali ya aibu, na mkwe kakaa pembeni! Mkojo unatoka kama kawaida? Choo je? Pale unapokalia pana ganzi? "Likikutokea hata moja katika haya, Bi, usingoje kuche. Njoo usiku huohuo." Akanilaza chali, akaunyanyua mguu ukiwa umenyooka. Haukufika hata nusu, nikapiga ukelele. Akanitembeza kwa visigino. Niliweza, kwa kuyumba.

Eksirei ikatoka safi. Nililia, nikajua sasa nitaambiwa najidekeza. Kumbe eksirei huona mifupa tu. Diski, ule mto laini baina ya pingili za mgongo, haionekani humo. Yangu, kwa alivyonipima, imetokeza ikabana mshipa wa fahamu uendao mguuni. MRI, ile picha ya sumaku, ingeionesha, lakini akasema tusikimbilie huko kama mguu hauishiwi nguvu, kwani wengi hupata nafuu bila kisu.

Alinipa vidonge na amri ya kutembea. Siku ya kwanza nilifika kisimani nikarudi natokwa jasho. Kesho yake nikaupita mnazi wa pili. Kukaa ndiko kulikoniumiza zaidi, hata kukuna nazi kwenye mbuzi niliacha.

Mwezi wa tatu nikarudi pwani. Sasa napiga magoti badala ya kuinama, na gunia najaza nusu, wenzangu wakicheka. Dole gumba bado lina ganzi kidogo.

Mama mkwe anashikilia kuwa ni mafuta yake yaliyonitoa. Simbishii, kila Ijumaa usiku bado ananichua.