Maji ya kisu cha lethi

Fundi wa lethi (mashine ya kukereza chuma), angalia maranda ya chuma yanavyotoka. Yakiwa ya buluu na kisu chako ni cha HSS (chuma kigumu cha kukatia kwa kasi), ncha inaungua: punguza mwendo au ongeza maji. Mchanganyiko wa maji hayo ni mafuta ya kukatia lita 1 kwa maji lita 19. Mafuta ndiyo yamiminwe kwenye maji huku unakoroga. Ukigeuza, unapata uji wenye mabonge. Mrija uelekeze pale makali yanapokata, si juu ya kipande.

Kabaidi, yaani ncha ya kisu iliyo ngumu kuliko HSS, ina mambo yake. Ukiinyunyizia kidogo kidogo ikiwa moto, inapasuka nyufa nyembamba. Mwaga mfululizo kabla haijagusa chuma, ama kata kavu kabisa. Chuma cha kutupwa kata kavu tu; unga wake ukilowa unakuwa tope linalosaga reli za mashine.