Ubuntu yangu iliyogoma kujaa kwenye kioo

Nina steshenari ndogo Sinza: fotokopi, kuprinti, kuchapa CV. Kompyuta ya mezani ninayotumia niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, ina RAM ya GB 8 na Windows 10, na siwezi kuichezea maana ndiyo inayonilisha. Nilipotaka kujifunza Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, nikaweka VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kuigiza (mashine pepe) ndani ya ile halisi, nikapiga humo Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Nikiharibu nafuta, kazi inaendelea.

Kero ilianza hata kabla Ubuntu haijakaa. Kioo cha mashine pepe kiling'ang'ania nukta 800 kwa 600, wakati monita yangu ni 1920 kwa 1080. Dirisha la usakinishaji lilikuwa refu kuliko kioo, kitufe cha kuendelea kimezama chini. Nikampigia mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta chuoni. "Mjomba, bana kitufe chenye alama ya Windows, halafu shika dirisha popote kwa mausi ulivute juu." Likapanda, kitufe kikatokea. Nikamaliza kusakinisha, lakini kioo kikabaki vilevile, kama stempu katikati ya bahasha.

Nikaanza kutafuta mchawi. Wa kwanza kushukiwa alikuwa monita. Nikafunga duka mchana, nikapanda daladala hadi Kariakoo kununua kebo mpya. Sikujiuliza kwa nini Windows ilikuwa inajaa vizuri kwa kebo ya zamani! Nilipochomeka mpya, hakuna kilichobadilika.

Nikahamia kwenye mipangilio. Kumbukumbu ya video ilikuwa MB 16, nikataka kuipandisha, lakini sehemu ile imefifia, haibonyezeki. Hapo niliteketeza jioni nzima. Kumbe kila nikifunga nilikuwa nachagua ihifadhi hali yake, yaani inalala tu, haizimi, na mashine iliyolala hairuhusu kuguswa kadi yake ya picha. Nikaizima kabisa kutoka ndani ya Ubuntu, mipangilio ikafunguka. Nikaweka MB 128. Kidhibiti cha grafiki, yaani kadi ya picha ya kuigiza, ambacho siku ya kwanza nilikibadili kuwa aina ya VBoxVGA kwa kujifanya najua, nikakirudisha aina ya VMSVGA inayopendekezwa kwa Linux. Onyo kuhusu hilo lilikuwa chini ya dirisha muda wote, mimi nikalichukulia kama pambo.

Bado 800 kwa 600.

Zilizobaki ni Guest Additions, zile nyongeza zinazokaa ndani ya Ubuntu na kuipa habari kwamba dirisha limepanuliwa au limepunguzwa. Nilikuwa nimeshaziweka mara tatu, au ndivyo nilivyoamini. Naingiza ile CD yake isiyoshikika kupitia menyu ya vifaa, naiendesha, maandishi yanateremka, naambiwa nibonyeze Enter, nabonyeza. Jumapili mpwa wangu akaja, akanizuia mkono kabla ya Enter. Maandishi yalisema mfumo haujaandaliwa kutengeneza moduli za keneli, yaani vipande vya programu vinavyoungana na kiini cha Linux, weka zana za gcc, make na perl. Moduli zenyewe hutengenezwa palepale ili zilingane na keneli iliyopo, na Ubuntu yangu mpya haikuja na zana zote za kazi hiyo.

"Mjomba, hii imekuambia mara tatu."

Sikuwa na jibu. Nikaongeza bando, nikaandika kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, sudo apt install build-essential, ambayo ni fungu la zana hizo, pamoja na linux-headers, mafaili ya kutengenezea moduli za keneli niliyokuwa nayo. Tukaendesha nyongeza upya, safari hii tukisoma kila mstari, kisha tukawasha upya. Nilipovuta pembe ya dirisha, Ubuntu ikalifuata. Nikabana Ctrl ya kulia na F, ikajaa monita nzima. Mteja aliyekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho akauliza, "Kaka, umebadilisha kompyuta?"

Tamaa ikanipanda. Kwenye mipangilio ya mashine pepe nikaweka tiki kwenye uharakishaji wa 3D, unaoipa msaada wa kadi halisi ya picha, nikidhani itakuwa nyepesi zaidi. Kioo kikawa cheusi, mshale tu unaelea. Safari hii sikwenda Kariakoo: nilizima, nikatoa tiki, nikawasha, kikarudi. Kwa kompyuta kama yangu sioni faida ya tiki ile, nimeiacha hivyo hadi leo.

Ile kebo mpya ipo kwenye droo. Mpwa wangu anaiomba bure, nimemwambia atanunua.